Kurasa Kumi na Mbili Zilizobaki

Mke wa kaka yangu alikuwa na ugonjwa mmoja tu tangu tulipomwoa: kusoma. Nasema "tulipomwoa" kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kaka kwao, na mimi ndiye niliyebeba boksi lake siku anahamia. Kaka alilishika upande wa pili, mshipa wa shingo ukamtoka. "Huyu mwanamke kaja na nini humu," aliniuliza, "mawe?" Zilikuwa hadithi za mapenzi, mia moja na kitu, nyingine hazina jalada, nyingine zimeshonwa kwa uzi kama nguo.

Kazini kwake, kituo cha magari ya wagonjwa, walimwita Dokta. Udaktari hakuusomea. Alikuwa mpokea simu za dharura, miaka kumi na saba kwenye kiti kilekile kando ya dirisha, hedifoni kichwani, kitabu cha ramani mkono wa kushoto, kalamu mkono wa kulia. Jina la Dokta lilitokana na vitabu. Muuguzi akiachwa na mchumba, dereva akigombana na mkewe, mama wa usafi akilalamika kwamba siku hizi akifungua kitabu macho yanateleza tu juu ya maneno, wote walipita mezani kwake. Aliwasikiliza, akachana kipande cha karatasi, akawaandikia jina la mwandishi kama anaandika dawa.

Hali ile ya kushindwa kusoma yeye aliiita kukaukiwa. "Umekaukiwa," alikuwa akimwambia mtu. "Usijilazimishe kitabu kipya. Rudi kwa mwandishi anayekujua." Na yeye alikuwa na wake. Hakuwataja kwa majina ya kwenye jalada, aliwabatiza kama majirani. Alikuwepo Bibi Taratibu, ambaye wapenzi wake hawashikani mikono kabla ya ukurasa wa mia mbili, na wakishashikana unatafuta mtu wa kumsimulia. Alikuwepo Mstaafu, mwandishi wa wajane na wagane wanaoanza upya uzeeni; huyo ndiye aliyemtoa kwenye ukavu mama yake alipofariki. Alikuwepo Mama Barua, ambaye hadithi zake nzima ni watu wanaoandikiana. Na kulikuwa na mmoja ambaye hakutaka kumsikia: Kisirani, wa vitabu vyembamba, ugomvi mstari wa kwanza, ndoa mstari wa mwisho. "Vya kusomea foleni," alisema. Mimi Kisirani nampenda. Nauza dawa kwenye duka la mtaani kwetu, na foleni nazijua.

Sasa nisimulie ile Jumanne, kama ilivyokuja kujulikana baadaye.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Simu zilikuwa zimetulia. Kusoma katikati ya simu hakukuwa kosa chumbani mle. Hata msimamizi wao alikuwa na chemshabongo yake chini ya makaratasi. Wifi alikuwa na Bibi Taratibu. Amesubiri kurasa mia mbili na kitu, bwana na bibi wako kwenye ngazi ya nyumba, mkono wa mmoja uko kwenye kitasa. Zimebaki kurasa kumi na mbili. Simu ikalia.

"Dharura, nakusikiliza."

"Baba yangu! Ameanguka karakana, mdomo umeenda upande, hasemi!"

"Mtaa gani, dada?"

"Mtaa wa Siti—" Laini ikakwaruza. "—nyumba namba kumi na nne!"

"Wa Sita?"

"Ndiyo, ndiyo, kumi na nne, harakisheni jamani!"

"Gari linakuja, dada. Mlaze ubavu, usimpe maji."

Kule kwenye makazi mapya mitaa haina majina, ina namba. Mtaa wa Sita uko upande huu wa reli. Mtaa wa Sitini uko upande wa pili, mwisho kabisa.

Dereva aliyetumwa wanamwita Tingatinga, mtu wa mwili, shingo kama gogo. Alifika Mtaa wa Sita kwa dakika saba. Sauti yake ikaingia kwenye redio: "Dokta, mgonjwa hapa ni yupi? Namba kumi na nne kuna mama anaanika mashuka. Ananishangaa."

Kabla wifi hajajibu, mwenzake wa meza ya pili akageuka, mkono juu ya kipaza sauti. "Nina binti analia. Anauliza gari la Mtaa wa Sitini liko wapi."

Tingatinga aligeuza gari. Kwenye kivuko cha reli akakuta geti limeshuka, treni ya mizigo inapita behewa kwa behewa. Mpaka anafika kwenye ile karakana, dakika kumi na tisa zilikuwa zimepotea. Mzee alikuwa seremala. Hakufa. Lakini upande wa kulia ulikuwa umelala, na ulimi pamoja nao.

Msimamizi alikuja mezani kwa wifi, akakiona kitabu kimelazwa kifudifudi. Akakiinua kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota kisu chenye damu, akakitia kwenye bahasha ya kaki. Jioni ile wifi alirudi nyumbani na barua ya kusimamishwa kazi, asubiri kamati ya uchunguzi. Tuhuma ilikuwa ya mstari mmoja: kusoma kitabu cha hadithi wakati akipokea simu ya dharura. Ushahidi: kitabu chenyewe, na sauti ya karatasi ikigeuzwa, inayosikika kwenye rekodi sekunde ya kumi na tisa.

Kamati ilipangwa baada ya wiki sita. Wiki sita, watu wangu. Sisi tunaishi jengo moja, wao ghorofa ya chini, mimi juu yao, kwa hiyo niliziona zote.

Wiki ya kwanza aliosha nyumba. Aliosha mpaka kuta. Kaka, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji, alijifunza kutembea ndani kwa ncha za vidole, na ukimjua kaka utajua ni mateso kiasi gani. Wiki ya pili wifi alikaa. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani, na boksi la vitabu liko miguuni pake kama mbwa asiyetakiwa.

Nikajipa udaktari. Nilimshushia Mstaafu, kile kile kilichomponya msiba wa mama yake. Akakifungua, akasoma mstari, akakifunga. Nikaleta Mama Barua. Akasoma barua ya kwanza, akaniambia, "Wanaandikiana nini hawa, si wapigiane simu," halafu akalisikia neno lake mwenyewe na uso ukabadilika. Bibi Taratibu sikuthubutu.

"Wifi," nilimwambia, "wewe ndiye unasema mtu arudi kwa mwandishi anayemjua."

"Ndiyo. Na hao wananijua. Ndiyo maana siwezi kuwatazama."

Siku moja nilikuwa nimekaa jikoni kwao nasubiri chai, nikaokota kitabu chochote, nikawa nageuza kurasa. Yeye alikuwa amenipa mgongo, anakata vitunguu. Niligeuza ukurasa, bega lake likaruka. Nikageuza wa pili, likaruka tena. Wa tatu nikaugeuza polepole makusudi, na kisu kikasimama hewani.

"Ni hiyo sauti," akasema bila kugeuka. "Kila ukurasa naisikia sekunde ya kumi na tisa."

Basi nikaja na mbinu. Nikawa nakaa koridoni, mlango umerudishwa, namsomea kwa sauti, ili kurasa nizigeuze huko huko mbali naye. Ninapofika penye utamu naruka makusudi, nimchokoze.

"Umeruka!" alipiga kelele mara moja kutoka ndani. "Hawezi kuwa amemsamehe, sasa hivi tu alikuwa anafunga mzigo!"

Nilicheka mpaka nikajigonga ukutani. Nikadhani nimempata. Nikarudi nyuma, nikaisoma ile sehemu ya msamaha neno kwa neno. Nilipomaliza nikasubiri kelele zake. Nikachungulia. Alikuwa ameshika magoti yake.

"Wifi," akasema, "nikuulize. Uko dukani, una Kisirani wako chini ya meza, umebakiza kidogo tu. Mteja akaja dirishani. Unamhudumia vilevile?"

"Namhudumia, sasa nimwache?"

"Vilevile?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilimkumbuka mzee mmoja aliyeniuliza kama vidonge vyake anywe kabla ya kula au baada, nami nikamjibu bila kuinua macho. Nikanyamaza. Yeye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea jibu.

Wiki ya tano akaja mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kijana nadhifu, mkoba chini ya kwapa. Alikaa ukingoni mwa kochi. Alieleza kwamba kamati inaweza kumfukuza bila mafao ya miaka kumi na saba, na msimamizi amekaza kamba, kwa sababu lisipomwangukia wifi litamwangukia yeye. Halafu akainama mbele.

"Kuna vitabu viwili mezani pale, mama. Kitabu cha hadithi na kitabu cha ramani. Watakuuliza ile sauti ni ya kipi. Sema ramani. Neno moja. Usiongeze chumvi wala sukari."

"Na kama sikumbuki?"

"Hukumbuki kwamba ni ramani?"

"Sikumbuki."

Kijana alimtazama kaka, kaka akanitazama mimi, mimi nikatazama chai yangu.

"Mama," akasema kijana taratibu, "hata rekodi haikumbuki. Ukisema wewe, imekwisha."

Siku ya kamati tuliruhusiwa ndugu mmoja, nikaenda mimi, kaka alisema yeye atapigana na mtu. Ukumbi ulikuwa wa kawaida tu, meza ndefu, feni moja inayoyumba, viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa mnyororo shingoni, aliwahi kuwa muuguzi mkuu. Kulia kwake watu wawili, kushoto mmoja. Msimamizi alikaa peke yake, bahasha ya kaki mbele yake. Na safu ya nyuma, viti viwili kutoka kwangu, alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkoba mapajani ameukumbatia. Hakuna aliyemtambulisha. Nilijua. Ni binti wa seremala.

Tingatinga alihojiwa kwanza. Alijibu kwa ufupi, macho chini, jasho linamtiririka. Alipotoka alipita mbele ya wifi bila kumwangalia. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa.

Kisha fundi mitambo akafungua rekodi.

Sikuwahi kumsikia wifi yangu kazini. Ile sauti ilikuwa tulivu, ya haraka, safi. Kisha ile ya binti, ikipasuka. "Baba yangu! Ameanguka karakana..." Kwenye safu yetu mkoba ulilia, vidole vilikuwa vinaukamua. Halafu, katikati ya kukwaruza kwa laini, tukaisikia wote: fwaa. Karatasi.

"Rudia," akasema mwenyekiti. Fwaa. "Tena." Fwaa.

Akavua miwani. "Mpokea simu, karatasi hiyo ni ipi?"

Mwakilishi wa chama, kando ya wifi, alikohoa kidogo. Wifi alisimama. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Naomba nisikilize mara moja zaidi," akasema.

Ikapigwa. Alifumba macho. Alipoyafumbua akasema, "Naomba vitabu vyote viwili viletwe mezani. Na kipaza sauti."

Msimamizi akaanza kulalamika kwamba huu si mchezo. Mwenyekiti akamtazama tu. Mtu akatumwa chumba cha simu, akarudi na kitabu cha ramani, kikubwa, kila ukurasa umefunikwa na plastiki kwa sababu ya mikono yenye jasho ya miaka mingi. Bahasha ikafunguliwa. Fundi akasogeza kipaza sauti, akageuza ukurasa wa hadithi. Ile ni karatasi laini, ya bei rahisi, ilitoa kitu kama pumzi. Akageuza ukurasa wa ramani.

Fwaa.

Hata feni nadhani ilisikika vizuri zaidi baada ya pale. Fundi akarudia mara tatu, na kila mara ramani ilisema vilevile. Mjumbe wa kushoto akaandika kitu. Msimamizi aliegemea kiti, rangi imemtoka. Mwakilishi akapumua mpaka nikasikia, akaanza kukusanya karatasi zake. Mimi nilikuwa nimeshasimama nusu, mdomo umeshaanza kufunguka kwa vigelegele, Mungu anisamehe, na yule binti yuko pale pale.

"Basi," akasema mwenyekiti, "tuhuma ya kusoma wakati wa simu—"

"Sijamaliza," akasema wifi.

"Mama," akanong'ona mwakilishi. "Mama, kaa."

Hakukaa. "Ile sauti ni ramani, kweli. Nilikuwa natafuta Mtaa wa Sita. Lakini kanuni yetu, mtu akishataja mtaa, tunamuuliza yuko karibu na nini. Shule, tangi, duka. Nimeiuliza miaka kumi na saba. Siku ile sikuuliza. Ningeuliza, angesema njia ya reli, angesema chochote, ningejua ni Sitini. Wiki sita nimejiuliza kwa nini sikuuliza. Nilikuwa nimebakiza kurasa kumi na mbili. Nilitaka kurudi. Kitabu sikukishika, lakini akili yangu ilikuwa huko."

Mwakilishi alikuwa ameweka kiganja usoni. Mimi nilikaa taratibu, kama mtu anayeogopa kiti kitavunjika. Kwa kweli nilimkasirikia. Nilimwona kaka, nikayaona maisha yao yote, na huyu mwanamke ameyainua na kuyaweka mezani, wakati watu walikuwa wameshamwambia aende nyumbani.

"Unaelewa," mwenyekiti alisema hatimaye, "kwamba hilo hakuna rekodi ambayo ingelionyesha?"

"Naelewa."

Walitutoa nje tusubiri. Koridoni wifi aliegemea ukuta. Binti wa seremala alitoka nyuma yetu, akasimama mbele yake, karibu sana, nikajiandaa kuingia kati.

"Kilikuwa kitabu gani?" akauliza.

"Cha mapenzi."

"Nimekuuliza kipi."

Wifi akamtajia. Binti alimtazama usoni, jicho hadi jicho, kama anayemsoma.

"Leo sina la kukwambia," akasema. "Usisubiri niseme. Sina." Akaondoka, viatu vyake vikigonga ngazi moja moja mpaka chini.

Tulisubiri saa tatu. Uamuzi: karipio la mwisho kwa maandishi, miezi sita nje ya chumba cha simu, kazi ya kukagua magari. Tangu siku ile hakuna kitabu cha hadithi kinachoingia chumba kile, wala chemshabongo, na kanuni ya kuuliza alama ya karibu ikaandikwa kwa herufi nyekundu juu ya kila meza. Msimamizi naye alipewa barua yake.

Njiani kurudi sikumsemesha. Kwenye mlango wa jengo nikashindwa. "Ulikuwa umeshatoka, wifi. Ulikuwa nje kabisa."

"Nilikuwa wapi?" akaniuliza. Si kwa kejeli. Alitaka kujua.

Kazi ya magari ni ya kuhesabu na kunusa: mtungi wa oksijeni umejaa, machela inafunguka, blanketi ni safi, bandeji zipo. Aliifanya vizuri. Wenzake walimsalimia kwa mbali. Tingatinga hakumsalimia kabisa. Alikuwa akiacha funguo juu ya boneti na kwenda kusimama getini mpaka ukaguzi uishe. Na nyumbani boksi likaenda chini ya kitanda. Kaka aliniambia usiulize, nami sikuuliza.

Mwezi wa tatu ukiingia, wifi yuko ndani ya gari anahesabu glavu, mlango wa nyuma ukafunikwa na kivuli.

"Dokta."

Aliniambia zilimponyoka glavu zote.

"Mke wangu ana mimba ya miezi saba," akasema Tingatinga, kwa sauti yake ya kukwaruza. "Wamemwambia alale tu. Asinyanyuke ila kwenda chooni. Ameshahesabu mbao zote za dari. Alikuwa msomaji, lakini sasa anasema akifungua kitabu hakuna kinachoingia. Nikamwambia kazini kuna mtu."

"Nimeacha mambo hayo."

"Ndiyo. Lakini mke wangu analia." Alisugua shingo. "Asife mtu ndani yake. Na asijifungue mtu. Akikuta mtu anajifungua atanivunja mimi."

Wifi alitafuta kichwani. Mstaafu hafai, kila mtu kwake kafiwa. Bibi Taratibu hamalizi kitabu bila jirani mmoja kushikwa na uchungu wa uzazi. Mama Barua, lazima mmoja aandike kutoka hospitalini. Jioni ile nilisikia mlango wangu unagongwa.

"Wifi, niazime ule uchafu wako."

"Uchafu gani?"

"Kisirani."

Nilipanga vitabu vyake tisa mezani. Akachukua cha juu. "Lazima nihakikishe kwanza," akasema, "siwezi kumpelekea mgonjwa kitu nisichokijua." Akakaa palepale kwangu, kwenye kiti cha jikoni, kalamu mkononi kama mkaguzi. Alifungua ukurasa wa kwanza. Alipougeuza niliona bega linaruka. Wa pili likaruka. Mimi nikajifanya nachambua mchele, nimempa mgongo nusu. Ukurasa wa nane, wa tisa. Bwana wa kwenye kitabu alikuwa amemwita bibi mwizi wa kuku mbele ya watu. Wifi akaguna. Ukurasa wa kumi na tano kalamu ilianguka, hakuiokota.

Nilimaliza mchele. Nikawasha taa. Kaka akapanda kumtafuta mkewe, akafungua mlango na lile domo lake, "Jamani, huku leo—"

"Ssh," akasema wifi bila kuinua kichwa.

Kaka alibaki ameshika kitasa. Alinitazama, macho yamejaa maji, mwanamume mzima. Nikamwashiria akae. Tukakaa, sisi wawili, tukimtazama mtu anasoma kitabu kibaya.

Alipokifunga alisema, "Hakufa mtu. Hakujifungua mtu. Lakini huyu mwandishi wako, wifi, kuna mahali amesahau kwamba shangazi ana mguu mmoja."

Tingatinga alikipeleka. Baada ya siku nne alirudi kwenye gari na ujumbe: mke wangu anasema bwana huyu ni mpumbavu, leta kingine. Wifi alimpa cha pili, kilichokwisha kuhakikishwa. Tingatinga hakuondoka. Alikaa kwenye ukingo wa mlango, gari likainama.

"Ile siku," akasema. "Barabara ya juu ingenipitisha bila kukutana na reli. Naijua. Nilisema nitaiwahi treni." Alikuwa anageuza kile kitabu mikononi. "Kwenye kamati hawakuniuliza njia. Sikusema. Wewe ukasimama ukasema yako yote, na mimi nimeshaondoka, nikaja kusimuliwa. Nilishindwa kukutazama, Dokta. Hasira sikuwa nayo."

Wifi alinisimulia hilo mara moja tu. Nilipomuuliza alimjibu nini, alisema walikaa wote wawili kwenye ule ukingo mpaka simu ya kutoka ikaita. Wiki iliyofuata Tingatinga alikwenda kwa mwenyekiti mwenyewe. Alipewa karipio. Pia alianza kupita kumjulia hali yule seremala, na kwake ndiko tunakopata habari: mzee sasa anasema maneno mafupi, anamwita binti yake kwa jina, lakini mkono wa kulia haushiki randa, na daktari hakumwahidi chochote. Binti hajatuma neno. Wifi hakumfuata.

Mke wa Tingatinga alijifungua salama katika mwezi wake, baada ya Kisirani saba.

Miezi sita ilipotimia, wifi alirudishwa chumba cha simu. Asubuhi ile alitapika kabla ya kuvaa. Kaka alimsindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata wakiwa wachumba. Mimi dukani nilimpa mteja dawa ya kikohozi badala ya minyoo, nikamkimbilia barabarani kuibadilisha. Kila gari la wagonjwa lililopita na king'ora nililihesabu.

Alirudi saa kumi na mbili jioni. Alivua viatu mlangoni, akavipanga.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Simu thelathini na nane," akasema.

Akaoga, akala sahani mbili, na saa mbili haijafika alikuwa amelala mdomo wazi kwenye kochi, na kaka akatukataza tusiongee kwa sauti.